Mpishi wa Kambi ya Ngano na Samaki wa Babati

Siku ya kwanza kazini sikupika chochote. Nilipewa sufuria ambalo ningeweza kuoga ndani yake, majivu kwenye kopo na gunzi la mahindi, nikaambiwa nisugue mpaka lianze kung'aa. Mpishi Mkuu, mtu mnene wa upande wa Moshi aliyevaa aproni nyeupe hata siku za vumbi, alisimama nyuma yangu akitazama.

"Shikamoo, mzee," nilisema bila kuinuka.

"Marahaba. Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Kwa kusugua inatosha. Kwa kupika tutaona."

Nilikuwa nimetoka Maretadu, kwenye mwinuko wa Mbulu, nikashuka mpaka tambarare za Basotu ambako serikali ilikuwa na mashamba yake ya ngano. Mama alikuwa amefariki, na baba akamfuata kabla mavuno ya mwaka uliofuata hayajaingia ndani. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Nyuma yangu walikuwa Paskali, Damiano na Agnesi. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto wake wengi. Alikuwa ameshapanga kutugawa: Paskali akachunge ng'ombe Tumati, Damiano aende kwa shangazi, Agnesi apelekwe Mbulu mjini kulea mtoto wa watu. Hakuna ambaye angeendelea na shule.

Nilimwambia, "Baba mdogo, nasikia mashamba ya ngano yanaajiri na kutoa chumba. Niache nijaribu. Nikishindwa, wagawe."

Akakubali, nikashuka nao wote watatu. Kwa hiyo ninyi vijana mnaofungua migahawa Katesh na Endasak, mnaoniuliza kwa nini sikuwahi kukosa kazini hata siku moja, jibu ndilo hilo. Chumba kilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, chumba kinarudi, na wadogo zangu wanagawanywa kama viti baada ya msiba.

Nilisugua masufuria kwa msimu mzima, kisha nikakabidhiwa moto. Kuni za kambi tulizigawa mafungu mawili: za mwali, za kuchemsha maji haraka, na za kaa, zile ngumu zinazotoa makaa ya kudumu. Ugali wa watu wengi haupikwi kwa mwali, unaungua chini ukiwa mbichi katikati. Mwiko wetu ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe, na ugali uliusonga ukiwa umesimama juu ya tofali. Wakati wa mavuno kazi iliongezeka maradufu, kwa sababu kombaini, ile mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, haikusimama kwa ajili ya chakula. Tulikipeleka shambani kwa trekta, ndani ya ndoo zilizofunikwa, na opereta mmoja alikula huku mwenzake akiendelea kukata ngano. Chakula kikichelewa, vumbi la makapi linakuwa chumvi yake.

Baada ya miaka kadhaa Mpishi Mkuu alianza kusumbuliwa na miguu, akarudi kwao. Meneja wa Shamba akaniita ofisini.

"Utakaimu," alisema. Kukaimu maana yake unafanya kazi ya mkubwa bila kuwa mkubwa. "Sijakuthibitisha. Nataka nione wanaume wangu wanakula."

Wanaume wake walitoka kila kona ya nchi: madereva, mafundi, maopereta. Mimi nilijua kupika vyakula vya kwetu: ugali, maharage, makande, nyama ya maksai iliyochemshwa tangu asubuhi, na maziwa. Kelele zilianza mapema. Aliyeongoza alikuwa opereta wa kombaini, Hamisi, mtu wa Ujiji mwenye sauti iliyoshinda injini.

"Dada, jana maharage na ng'ombe, leo ng'ombe na maharage," alisema akiinua sahani yake juu wote waone. "Kesho utatugeuzia?"

"Kesho utapata maharage peke yake, kaka. Ng'ombe amekusikia, amekasirika."

Walicheka, lakini sahani zilirudi zikiwa na chakula. Meneja alikuwa na tabia ya kusimama penye pipa la mabaki baada ya mlo, mikono nyuma, anatazama kinachomwagwa. Alitazama tu.

Jumamosi moja Hamisi alileta jikoni kapu la perege kutoka Ziwa Basotu. "Leo tupikie chakula cha binadamu," alisema, akaondoka.

Sasa lazima niwaeleze jambo. Sisi wa Mbulu wa wakati ule, na majirani zetu Wabarbaig ambao tambarare ile ilikuwa malisho yao kabla haijawa ngano, hatukula samaki. Hatukumgusa. Bibi yangu alimweka kundi moja na nyoka. Nilikuwa nimeliona lile ziwa miaka mingi bila kufikiri kwamba mle ndani mna chakula. Mama mmoja wa Kibarbaig aliyetuletea maziwa kila siku alichungulia kapuni, akafunika pua kwa vazi lake la ngozi, akabeba kibuyu chake na kurudi alikotoka.

Ningeweza kumwambia Hamisi sijui. Sikusema, kwa sababu mpishi anayekaimu haogopi kitu kuliko neno "sijui". Nikawaosha samaki wale kama viazi. Nikawatia sufuriani wazima, na magamba yao, na matumbo yao, nikaongeza maji na chumvi. Kisha nikafanya kile nilichokijua kuhusu nyama: nikachemsha tangu asubuhi.

Mchana nilipofunua, samaki hawakuwapo. Kulikuwa na uji wa kijivu, miiba inaelea na magamba yanang'aa kama vipande vya kioo. Nilipakua hivyohivyo. Hamisi alichota kijiko kimoja, akakitema, akatazama ndani ya sahani kwa muda mrefu.

"Dada," aliuliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi, "huyu samaki ulimpika au ulimzamisha?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Pipa la mabaki lilijaa mpaka likafurika, na Meneja alikuwa amesimama pale pale.

Jumatatu aliniita. Alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kuomba mpishi kutoka mjini, niliiona mezani. Niliwaza chumba, nikawaza Paskali aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule ya msingi. Sikulia. Nilisema, "Bwana Meneja, mpishi wa mjini atajua chakula cha mji wake. Watu wako wametoka miji yote. Lori la ngano linakwenda Arusha kesho, na njiani kuna hoteli za kila aina ya watu. Niruhusu nipande, nikaone wanavyopika."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi, Jumamosi watakula samaki."

Alifunika kalamu yake. "Jumamosi nitasimama penye pipa," alisema. "Pipa ndilo litakaloamua."

Dereva wa lori alikuwa Mzee Jumanne, Mrangi wa Kondoa, mtu aliyejua barabara kwa tumbo lake. Hakuutaja mji kwa jina lake wala kwa mlima wake. "Tukifika penye supu," angesema, au, "bado kidogo tu penye wali." Mimi nilikuwa nimefunga makande kwenye kitambaa, kama tulivyozoea nyumbani, ili nisile kwa watu nisiowajua. Tulipoteremka kutoka Katesh aliyaona.

"Umetoka kujifunza vyakula vya watu na umebeba makande?"

"Ni ya akiba, mzee."

"Akiba ya nini? Fungua dirisha." Akacheka, lakini hakunilazimisha. Niliyatupa mwenyewe kabla ya Babati, na kunguru walikula vizuri siku ile.

Babati, karibu na stendi, kulikuwa na hoteli ya mabati yenye meza nne. Mwenyewe aliitwa Mama Zaituni. Alikuwa mnene, mwepesi wa mikono, na alikaanga samaki wa ziwa la palepale kwenye karai mlangoni, hata abiria walimnusa kabla ya kumwona. Mzee Jumanne alimweleza shida yangu yote, pamoja na ule uji wa kijivu. Mama Zaituni alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho na kunipa kisu.

"Njoo, mwanangu. Wewe hukukosea kupika. Ulikosea kudhani huyu ni ng'ombe."

Akanifundisha. Kwanza kupara, yaani kukwangua magamba kutoka mkiani kuelekea kichwani, kisu kikiwa kimelala. Kisha kupasua tumbo na kutoa matumbo bila kutoboa nyongo. Kisha kuondoa matamvua, yale mekundu ya kupumulia, ambayo yakibaki yanachachusha mchuzi. Kumchanja ubavuni, chumvi na ndimu, kumwacha atulie. Mafuta yawe yamechemka hasa, samaki aingie akipiga kelele. Baada ya hapo ndipo unamuunga kwa kitunguu na nyanya, na ukishamtia mchuzi usihesabu saa. Ukisikia harufu imebadilika, epua.

Nilifanya yote hayo. Nilidhani nimemaliza. Akaweka samaki mmoja mbele yangu na bonge la ugali.

"Kula."

"Mama, kwetu hatuli."

"Kwenu hampiki pia, lakini umekuja. Utajuaje chumvi ya kitu usichokionja? Utakuwa unamuuliza nani, Hamisi?"

Nilikaa na samaki yule kwa muda mrefu. Nilimwona bibi na kibuyu chake cha maziwa. Niliwaona wadogo zangu watatu wamekaa kwenye kitanda kimoja. Nikamega. Alikuwa mtamu, na nilikasirika kwamba alikuwa mtamu.

Safari ile ilinifungua. Magugu nilikula wali wa mashamba ya palepale, mpya, unaonukia wenyewe bila kiungo. Arusha, karibu na kinu cha kusagia ngano yetu, nilikunywa mtori, ndizi zilizopondwa kwenye supu ya nyama, nikamuuliza mpishi maswali mpaka akadhani nimetumwa na bwana afya. Kila hoteli niliingia jikoni na kuamkia kwanza. Ukitoa shikamoo jikoni, hakuna mama anayekuficha mwiko wake. Tuliporudi Babati niliwakaangia samaki wateja wa Mama Zaituni mchana mzima. Aliniacha peke yangu kwenye karai, naye akakaa mezani kama mgeni. Hakuna aliyerudisha sahani.

Jumamosi nilipara perege wa Basotu tangu kumekucha. Sikukaanga hata mmoja kabla watu hawajaketi. Hamisi alipoletewa sahani yake aligeuza samaki, akamkagua tumbo, akamkagua shavu. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama. Akala. Hakusema kitu, na yule mtu alikuwa hanyamazi. Alifyonza kichwa, akapanga miiba pembeni kama mtu anayepanga spana, kisha akainua sahani juu kama alivyozoea.

"Dada wa Mbulu," aliita, "ongeza!"

Meneja alikuwa penye pipa. Alichungulia ndani. Kulikuwa na miiba tu. Aliniambia, "Jumatatu njoo uchukue barua yako," nami nikajua ni barua ipi.

Hivyo ndivyo nilivyothibitishwa kuwa Mpishi Mkuu, mimi wa darasa la tano. Baadaye nilihamishiwa shamba la pili, kisha nyumba ya wageni walikofikia wataalamu wa mitambo. Mmoja wao alitoka kusini kabisa mwa Marekani, penye mito na vinamasi, naye alinieleza kwa mikono kwamba kwao kambale huviringishwa kwenye unga wa mahindi uliotiwa pilipili, ndipo hukaangwa. Nilimfanyia. Alikula akiwa amefumba macho, nikajua mahali alipokwenda. Wiki hiyohiyo madereva walikuwa wanadai "kambale wa mzungu." Kila likizo nilipanda lori: Singida kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, Kondoa kwa ugali wa uwele na mlenda. Vyakula vya barabarani niliviandika kwenye daftari, likawa na mafuta kila ukurasa. Sikuandika chakula nisichokula.

Nilistaafu wakati mashamba yenyewe yalipokuwa yanafungwa, kombaini zimepangwa kama mifupa. Sioni aibu kusema nilikuwa mpishi mzuri. Paskali akawa fundi, Damiano ana shamba lake, Agnesi alisomea uuguzi. Hawakugawanywa. Msichukue kazi ya jikoni kuwa ndogo, na msione haya kuingia jiko la mtu mwingine mkiwa hamjui. Haya ya kweli ni ya kusimama juu ya sufuria ukijifanya unajua.

Lakini kuna deni moja la moyoni nililolilipa polepole. Bibi aliposikia nimekula samaki hakunigombeza. Alinitengea kikombe kimoja kati ya vikombe vyake vya bati, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango, mbali na vyombo vya maziwa. Kila nilipokwenda Maretadu nilinywea hicho. Sikulalamika. Nyumba ilikuwa yake.

Mwaka Agnesi alipochaguliwa kwenda chuo, bibi alishuka Basotu kwa mara ya kwanza. Jumamosi alikaa nje ya jiko langu, kanga puani, akitazama samaki.

"Ndio hao?" aliuliza.

"Ndio, bibi."

"Na yule anayenikodolea macho?"

"Ameshakufa, bibi. Wote wanakodoa."

Akawatazama wanaume wakipita na sahani tupu. "Samaki hao ndio waliomsomesha Agnesi?"

"Kazi ndiyo iliyomsomesha. Ila kazi nilibaki nayo kwa sababu yao."

Hakuonja, wala hakuwahi kuonja mpaka anaondoka duniani. Lakini likizo iliyofuata nilipoingia nyumbani kwake, msumari ulikuwa mtupu. Vikombe vyote vilikuwa vimefunikwa kwenye ubao mmoja. Bibi alichukua kilichokuwa karibu na mkono wake, akanimiminia maziwa, na mpaka leo siwezi kuwaambia kilikuwa kipi.