Monita Tuliyoipigania Kibuye

Kaka yangu alipigwa sokoni Kibuye kwa sababu ya monita, na mpaka leo nikipita pale natafuta sura za wale wanaume. Nikimpata hata mmoja sijui nitamfanya nini. Najua tu kwamba hatutasalimiana.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Baba alikuwa amefariki, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kanda ya video ya harusi ya dada yetu. Katikati ya harusi ile baba aliisimamisha bendi, akatoa noti, akashika maikrofoni na kuanza kujisifu, kama wanaume wa kwetu wafanyavyo penye muziki. Pakruok, ndivyo tunavyoita. Ila baba hakujisifu mwenyewe. Alimsifu mama, binti wa ng'ambo ya ghuba, aliyewakataa wenye ng'ombe akamfuata fundi wa baiskeli. Kila sentensi, umati ulipiga kelele mpaka turubai likatikisika. Mama aliitazama kanda ile hadi deki ikaanza kuitafuna. Binamu yetu wa Nairobi akaiwahi, akaihamishia kwenye CD. Sasa tukawa na CD, na hatuna cha kuichezea. Mama aliifunga kwa kitambaa akaiweka kabatini, na kila Jumapili tukitoka kanisani aliniuliza, "Sasa baba yenu atatoka lini kwa hiyo sahani?"

Mimi nilikuwa nachapa barua kwenye kompyuta katika ofisi moja mjini, na nilijua kuwa kompyuta yenye nguvu ya kutosha ingeicheza. Mpya hatukuiweza. Tungeunda yetu, sebuleni kwetu Nyamasaria, kwa vipuri vya mitumba. Kaka, aliyekuwa akiendesha pikapu ya samaki kutoka Luanda Kotieno, aliudandia mpango huo kwa mbwembwe zote. Shida ni kwamba yeye alitaka sinema. Alitaka kioo kikubwa, aone mateke ya karate mpaka kucha za miguu. Mimi nilitaka sauti.

Tuligombana tangu kwenye kasha. Yeye alitaka lile refu la kuwatisha wageni, mimi nikang'ang'ania fupi ambalo feni yake ilizunguka bila kukwaruza, maana feni mbovu ingemmeza baba. Kwenye prosesa tulielewana, kwa kuwa ile ya polepole ingetuonyesha harusi vipande vipande. Mazabodi, memori na kifaa cha kusomea CD tukavipata bila kutukanana sana. Mwisho tukabakiwa na uwezo wa kuchukua kitu kimoja tu: kadi ya sauti pamoja na spika zake, au monita kubwa. Monita ndogo nilikuwa nimeshaahidiwa kazini.

"Hiyo ya ofisi ni ya kusoma barua," kaka alisema. "Mama ataona mzee akiwa mdogo kama panzi!"

"Na bila kadi ataona mzee bubu," nikamjibu.

Muuzaji, mwanamume mwembamba aliyetandaza vyuma vyake juu ya magunia katikati ya wauza viatu, alikuwa anatucheka. Kaka akamtupia pesa, akaikumbatia monita, akaondoka nayo. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikamkimbilia, nikaushika waya, nikavuta.

"Rudisha! Rudisha hiyo kitu, wewe!"

Akanisukuma kwa bega. Nikamzaba kofi. Akanisukuma tena, safari hii kwa nguvu, nikaanguka chali juu ya viatu vya watu.

"Mwizi!" mtu akapaza sauti. "Jakuo! Anaibia huyo mama!"

Kibuye neno hilo haliulizwi mara mbili. Ubao ulimpiga kaka sikioni kabla hajageuka, na damu ikamrukia mwanamke aliyekuwa akijaribisha kandambili. Monita ikamponyoka. Wakamwangusha, wakaanza kumkanyaga, wanaume wenye mashati yaliyopigwa pasi, mmoja ameshika mkate kwa mkono wa pili. Nilipiga kelele, "Ni kaka yangu! Owadwa! Owadwa!" Hakuna aliyenisikia, au walinisikia na raha yao haikutaka kukatizwa. Neno moja la muuzaji lingetosha, maana pesa yetu alikuwa nayo mfukoni. Nilimwona anakunja magunia.

Nikatambaa katikati ya miguu, nikamlalia kaka. Nondo iliyokusudiwa kumpiga yeye ikaangukia mkono wangu, na niliusikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Kaka alikuwa anakoroma damu shingoni mwangu. Kwa pembeni nikamwona kijana mmoja akibingirisha tairi kuja kwetu, bila haraka.

Hapo mtu akaikanyaga monita. Kioo kililipuka kwa mshindo kama wa bunduki, na umati wote ukaruka nyuma. Katika nafasi hiyo ndimo walimopenya wanawake wa samaki, wale ambao kaka alikuwa akiwaletea mzigo, na visu vyao vya kuparia magamba mkononi.

"Huyu ni dereva yetu!" akafoka mmoja wao, mama mnene mwenye aproni ya nailoni. "Nani anataka kuchoma yeye? Kuja hapa nikupare magamba kwanza!"

Wakatuzunguka, migongo kwetu, visu kwa watu. Wanaume wakapoa. "Pole, mama, tulidhani ni mwizi," mmoja akaniambia, kana kwamba amenikanyaga kidole kwenye foleni. Nilimtemea mate.

Kaka alilazwa muda mrefu. Alirudi na jicho moja lisilofunguka vizuri, na hakuenda tena penye watu wengi, si mpirani, si matangani. Kadi ya sauti na spika zake nilivipata kwa deni kwa fundi mmoja mjini. Mimi nilielekeza nikiwa na mkono kwenye plasta, kaka akakaza skrubu, na hatukugombana hata mara moja. Nilizitamani kelele zake.

Jumapili alasiri mama akavaa gauni la kanisani tena, akakaa mbele ya ile monita ndogo. Baba akatoka. Alisafisha koo, na sebule nzima ikajaa yeye. "Binti wa ng'ambo ya ghuba!" akaita, na mama akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kisha umati ukapiga kelele.

Kaka hakuwa kwenye kiti. Alikuwa sakafuni nyuma ya sofa, mikono kichwani, magoti kidevuni, anasema, "Mimi si mwizi. Mimi si mwizi." Nikaipeleka harusi mbele. Baba akasema sentensi nyingine, umati ukanguruma tena. Nikaipeleka mbele zaidi. Hapakuwa na sentensi ya baba isiyofuatwa na kelele zile.

Mama akainuka. Akaishika swichi ya spika, akaizungusha mpaka sauti ikaisha kabisa.

"Mama, tunaweza kungoja kaka atoke nje," nikasema.

"Baba yenu mimi nilisikia akiwa hai," akanijibu. "Huyu nataka akae na mimi hapa."

Akaenda nyuma ya sofa, akamshika kaka mkono, akamrudisha kitini. Tukamtazama baba akifungua mdomo na kuufunga, mpaka harusi ikaisha.