Kombe Linalohesabiwa Mara Mbili

Mkuu wetu wa chuo alinipa kazi ya kuandika ukutani. Mimi ndiye mwalimu wa michezo, na ukuta wenyewe ni ule wa bwalo unaotazamana na uwanja wa mpira wa kikapu. Alitaka maandishi makubwa, Mabingwa wa Taifa wa Vyuo, na chini yake miaka ambayo wasichana wetu walitwaa kombe. Mechi na wapinzani wetu ilikuwa imebaki wiki mbili, nao walikuwa wameshapaka ukuta wao.

Wapinzani hao ni chuo cha upande wa Somanda. Ukipanda bodaboda hapa kwetu, robo saa haiishi umefika. Wanasema wamechukua ubingwa wa taifa mara nne. Sisi nasi tunasema nne. Wanatukatalia kombe letu la kwanza, la enzi ambazo mashindano yalikuwa na vyuo vya Kanda ya Ziwa na viwili vitatu vya Tabora, wakidai hilo si la taifa. Sisi tunajibu kwamba cheti kimeandikwa taifa, basi ni la taifa. Hilo ni la kutaniana tu. Linaloumiza ni jingine: upo mwaka mmoja, Bariadi yetu ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ambao vyuo vyote viwili vinauhesabu, na kombe lake liko kabatini kwetu.

Nilisoma chuo hiki hiki na kukichezea. Nimewahi kuwazomea wa Somanda kuwa ni wezi wa makombe, nikiwa na uhakika kabisa. Sikuwahi kumuuliza mtu kwa nini chuo kizima kidai kombe ambalo hakikushinda.

Kabla ya kununua rangi nilifungua faili la michezo ili nisikosee miaka. Orodha ya wachezaji wa mwaka ule ilikuwemo, imepigwa taipu, karatasi imeshakuwa ya njano. Wachezaji kumi. Saba walikuwa na namba za usajili za chuo. Watatu wa mwisho hawakuwa nazo.

Nikampelekea mtunza stoo, mzee aliyekaa chuoni kuliko sisi sote. Aliitazama karatasi, akanirudishia.

"Muulize nahodha wao," akasema. "Yuko Lingeka, huko Meatu. Alifundisha miaka kadhaa, mumewe alipofariki akarudi shambani."

Jumamosi nilipanda basi hadi Mwanhuzi, kisha bodaboda hadi Lingeka. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Nilimkuta shambani, mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mgongo umenyooka, kiroba kimefungwa kiunoni na vidole vinachomoa pamba bila yeye kuviangalia.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

"Mwadila, mwanangu. Umetoka wapi na jua hili?"

Nilipotaja chuo alisimama. Nilipotoa ile orodha alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuipokea. Aliisoma polepole, midomo ikitamka majina, na alipofika kwa wale watatu akaniambia tuketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba.

"Hawa walikuwa wa Somanda," alisema. "Sisi tulibaki saba, maana wenzetu walipelekwa mafunzo ya kufundisha mbali. Somanda nao walikuwa na wachezaji wachache, hawatoshi timu. Basi wakuu wa vyuo wakapatana: timu iende kwa jina letu, kombe likipatikana likae kwetu muhula mmoja, na kwao muhula mmoja."

"Mkaandikiana?"

"Nani aandike? Walipeana mikono mbele yetu."

Walishinda. Fainali ilichezwa Dodoma dhidi ya chuo cha huko huko, na zikiwa zimebaki sekunde chache walikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ulikuwa mkononi mwa nahodha, lakini mabeki wawili wa Dodoma walikuwa wamemzingira. Akampasia mmoja wa wale wa Somanda, msichana mfupi ambaye tangu mchezo uanze alikuwa hajafunga hata kikapu kimoja. Huyo akarusha, mpira ukagonga ubao, ukaingia.

"Tulilia kama watoto," alisema. "Kwenye basi tulilala tumelaliana mabega, hujui huyu wa wapi na yule wa wapi."

Muhula wa kwanza ulipita. Siku moja wale watatu walikuja kwa miguu kuchukua kombe. Mkuu wa wakati ule aliwaambia jina lililoandikwa kwenye cheti ni moja. Yule mfupi alimgeukia nahodha wake, aliyekuwa amesimama pale pale mlangoni mwa ofisi, akamwambia, "Nahodha, si ulikuwepo? Sema."

Mama yule aliikunja ile orodha, akanirudishia. Niliona pamba kavu imenasa kwenye nywele zake, sikujua kama niitoe au niiache.

"Sikusema," alisema. "Nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho, nikamwogopa mkuu. Waliondoka bila hata kunitazama. Mpaka leo sijaonana na yeyote kati yao. Nasikia yule mfupi amestaafu ualimu, anakaa huko huko Somanda karibu na hospitali."

Nilirudi Bariadi nikamweleza mkuu wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwalimu, kumbukumbu za mashindano zinasema ni letu. Siwezi kufuta mwaka ukutani kwa maneno ya shambani."

"Sikuombi ufute, Mkuu. Naomba kombe liende Somanda muhula mmoja, kama walivyopatana. Na mama huyu aalikwe kwenye mechi."

"Nao wataendelea kulihesabu?"

"Wataendelea. Na sisi tutaendelea."

Alichukua kitambaa na kusafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Mlete," akasema.

Siku ya mechi nahodha alifika na basi la asubuhi, amevaa gauni la kitenge. Mimi nilikuwa nimekwenda Somanda juzi yake na kumpata yule mwenzake. Aliniambia atakuja kutazama mpira, si kumtazama mtu. Alikaa ng'ambo ya uwanja, upande wa chuo chake, mkoba mapajani.

Wakati wa mapumziko mkuu wetu alitoa kombe. Nahodha alilibeba kwa mikono miwili, akakatiza uwanja mzima peke yake. Wanafunzi waliokuwa wakipiga ngoma wakaacha. Alipofika mbele ya yule mama mfupi aliliweka kombe chini, akapiga magoti, na umri ule, kwenye saruji.

"Nilikuwepo," alimwambia. "Nilisikia kila neno. Niliogopa. Nisamehe, dada."

Nilikuwa nimeshazunguka hadi upande ule, ndiyo maana nilisikia. Mwenzake hakugusa kombe. Alimtazama kwa muda, kisha akasema kwa Kisukuma kwamba magoti ya wazee hayachezewi, ainuke. Akamshika mkono kumwinua. Hapo ndipo wote wawili walipoanza kulia, na kombe likabaki chini mpaka mwanafunzi mmoja wa Somanda alipoliokota.

Mechi hiyo tulifungwa, tena vibaya. Ukutani niliandika miaka yote minne, na kwenye ule mmoja nikaongeza: pamoja na wachezaji watatu wa Somanda. Mkuu aliyasoma maneno hayo akapita zake.

Nahodha hakurudi Meatu siku ile, alilala kwa mwenzake. Kesho yake niliwakuta stendi wakibishana kwa sauti: nani alimpasia nani, na kama mpira uligonga ubao au uliingia moja kwa moja. Basi lilipopiga honi nahodha aliniambia pamba yake haitajivuna yenyewe, akapanda. Yule mama mfupi akanigeukia. "Mpira haukugonga ubao," alisema. "Mwambie hivyo ukimwona."