Pampu ya Watu Waliokaa

Siku tulipogawiwa pampu, mgeni wa heshima alisema kuanzia leo hakuna hata mmoja wetu atakayekwama njiani tena. Tulikuwa kwenye uwanja wa kanisa moja hapa Mengo, sisi wote tunaotembelea viti vya magurudumu, tumepangwa mistari chini ya hema. Hotuba ilikuwa nzuri. Soda zilikuwa baridi. Kisha maboksi yakafunguliwa, na kila mmoja wetu akawekewa mapajani pampu mpya inayong'aa, ya kukanyaga kwa mguu.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikaigeuza huku na huku. Ilikuwa na kikanyagio kipana chenye mistari ya mpira ili mguu usiteleze. Walikuwa wamefikiria kila kitu. Mzee aliyekaa kando yangu aliitazama pampu yake, akaitazama miguu yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni ya nani?"

"Ni ya malaika wako," nilimwambia. "Yeye atakanyaga, wewe utaimba."

Tulipiga makofi. Tukapigwa picha, pampu zimeinuliwa juu.

Mimi ni mshonaji. Nilitoka Bukavu kwa miguu yangu mwenyewe, na nilipofika Kampala niliendelea kuitumia miaka kadhaa, mpaka lori lililokuwa likirudi nyuma bila kutazama liliponibana ukutani kule sokoni Kikuubo, mimi na robota la vitenge. Vitenge vilipona. Sasa nina kibanda cha kushonea karibu na ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, nina cherehani ya mkono, na nina kiti chenye matairi mawili makubwa yanayopoteza upepo kwa bidii ambayo sijaiona kwa mtu yeyote anayelipwa mshahara.

Kwa mtu anayesimama, tairi kuisha upepo ni jambo dogo. Kwangu ilikuwa shughuli ya mtaa mzima. Nilimwita mwendesha bodaboda wa stejini, naye akaenda kuazima pampu kwa mwenzake, mwenzake akaja kuona pampu yake inatumika wapi, na wote wawili wakaanza kunijazia huku wakinipa pole. Walinipenda sana. Ubaya ni kwamba waliamini upepo mwingi ni huruma nyingi. Walijaza mpaka mishipa ya shingo ikawatoka.

"Mzee, iko tayali!" mmoja wao aliniambia mara nyingi, akilipiga tairi kofi. "Sasa utaluka kama ndege!"

Na kweli niliruka. Barabara yetu ina mawe, na tairi likiwa gumu namna hiyo, kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Ili kupunguza, nilikuwa nabonyeza kipini cha valvu kwa ncha ya mkasi. Upepo ukatoka wote kwa pupa, tairi likakaa chini, na mimi nikamwita tena yule yule wa bodaboda.

"Kwani ulifanyia nini upepo yangu?" aliniuliza siku moja, amekasirika kabisa.

Upepo wake! Duniani upepo unavuma bure, unang'oa mabati ya watu, mimi ndiye niliyekuwa nauomba kwa unyenyekevu kama mtu aliyekuja kuposa. Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kwamba nitatengeneza pampu. Itaendeshwa kwa mikono, mtu akiwa amekaa, na itakuwa na kitufe cha kidole gumba cha kupunguza upepo kidogo kidogo, upendavyo, bila mkasi wala aibu.

Mke wangu, anayeuza vitenge huko huko Kikuubo palipoondoka na nguvu za miguu yangu, alinisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri, Papa," akasema. "Ila bibi harusi anakuja kuchukua gauni Ijumaa, na mkono mmoja bado."

Mtu pekee aliyefurahi alikuwa Afande. Huyu ni mlinzi wa duka la dawa lililopakana na kibanda changu, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, anayeishi Mbuya. Jeshini alikuwa fundi wa magari. Siku nzima hukaa kwenye kiti cha plastiki na bunduki mapajani, akilinda vidonge vya kikohozi, na akili yake yote ilikuwa haina kazi.

"Fundi," alisema, "lete hiyo pampu ya miguu. Tunainyang'anya miguu nayo, mkae sawa."

Hakuna mtu mwingine Kampala ambaye angeniambia hivyo nikacheka.

Tulikata kikanyagio. Mchomeleaji wa jirani akatuwekea vyuma viwili vya kubana pampu kwenye fremu ya kiti, na mpini mrefu wa bomba la maji uliotokeza upande wa kulia. Mimi ndiye niliyeuchora. Nilijivunia mchoro huo. Nilikaa, nikashika mpini, nikaukandamiza kwa uzito wangu wote, na gurudumu la kushoto likainuka hewani. Pampu haikutoa upepo wowote. Ilinitoa mimi kitini. Afande alinidaka kwa ukosi wa shati.

"Hii si pampu," alisema. "Hii ni kombeo."

Tuliubadilisha mpini ukalala sambamba na sehemu ya kuegemeza mkono, ukawa unakwenda mbele na kurudi nyuma, kama mtu anayepiga randa. Breki zikifungwa, kiti kinatulia. Hapo upepo ukaanza kuingia. Nilijaza tairi langu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu ajali, jasho likinitiririka, na waendesha bodaboda walinitazama kutoka stejini kwa macho ya watu waliofukuzwa kazi.

Kilichobaki ni kitufe. Afande alitaka kitakachotoa upepo wote mara moja. "Jeshini tunatoa yote, tunajaza upya," alisema. Mimi nilitaka kitoe kidogo. Tulibishana wiki nzima, wateja wakisubiri suruali zao, na mwishowe tukakubaliana kutengeneza kitufe ambacho hakimridhishi yeyote kati yetu. Springi yake ilitoka kwenye kalamu.

Mchana wa majaribio kulikuwa na jua kali na foleni ndefu dukani. Afande alipiga mpini, mimi nikaweka kidole gumba juu ya kitufe. Tairi likafika kiasi, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Springi ilikuwa imejikunja ndani na kitufe kimenasa.

"Acha kwanza," nilisema.

"Bonyeza!"

"Nabonyeza! Acha kusukuma!"

Lakini Afande si mtu wa kuacha kazi katikati. Alisukuma tena, na tairi likapasuka.

Kampala ikisikia mlio kama ule haiulizi maswali. Mama wa ndizi alilala juu ya ndizi zake. Milango ya maduka ilishushwa. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni, pamoja na yule aliyekuwa ameletwa akiwa ameshikiliwa kwapani, walikimbia vizuri sana. Afande mwenyewe alikuwa chini kabla ya wote, amelalia tumbo, bunduki imeelekea kwenye mwavuli wa mwuza airtime. Mimi peke yangu nilibaki nimekaa, nimeegemea upande mmoja, kidole gumba bado juu ya kitufe.

Mwenye duka alitokea nyuma ya kaunta, magoti yamejaa vumbi. "Nani amepigwa?"

"Tairi," nilimjibu.

Hakucheka. Alipiga simu kwa kampuni ya ulinzi, na kesho yake Afande alihamishiwa kwenye jengo linalojengwa huko Mbuya, kulinda mchanga. Badala yake akaletwa mlinzi mpya, mpole, aliyelala kuanzia saa tatu asubuhi.

Nilijifanya sijali. Niliwaambia watu kwamba sasa nitafanya kazi kwa utulivu. Nilitengeneza kitufe kingine peke yangu, nikaweka springi ya kitasa cha mlango, na hiki hakikunasa. Kilitoa upepo wote kwa pumzi moja, sawasawa na ule mkasi wangu wa zamani. Nilikuwa nimefanya kazi ngumu sana kurudi nilikotoka, na hakukuwa na mtu wa kunitukana vizuri. Nilikaa nikitazama kiti cha plastiki kilichobaki mlangoni pa duka la dawa, mpole akikoroma juu yake, na nilikuwa na huzuni ambayo mtu hawezi kuieleza kwa mkewe bila kuchekwa.

Hata hivyo mke wangu aliiona. Alikuwa ameshaanza kuiita pampu ile mke mwenza. Jumapili moja baada ya ibada aliifunga kwenye kitenge, akanipakia kwenye gari la jirani, akasema, "Leo tunakwenda Mbuya. Sitaki kuishi na mtu aliyefiwa na mlinzi."

Afande alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, amevaa fulana, anamenya karanga na mkewe. Aliponiona hakuinuka.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuonyesha kitufe. Kinatoa yote mara moja, kama jeshini. Umeshinda."

Alikichukua, akakijaribu, akasikia upepo ukitoka wote. Nilitegemea atafurahi. Alikunja uso. "Hii mbaya," alisema. "Hii inatupa upepo bure."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka kubishana. Pale kwenye mchanga hakuna mtu wa kubishana naye."

Mkewe alicheka mpaka karanga zikamwagika. Mke wangu naye akacheka, na wale wawili wakaingia ndani kupika, wakituongelea kwa sauti ya kutosha ili tusikie.

Tulikifungua kitufe. Afande aliinua juani kipande cha shaba cha ndani, chenye tundu la kutolea upepo, akakitazama kwa jicho moja. Springi ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa tundu: upana wake ungepitisha punje ya mtama. Tuliliziba kwa risasi ya kuchomelea, na kabla haijawa ngumu nilichomeka sindano ya cherehani, ile nyembamba kabisa ninayoshonea hariri, nikaichomoa taratibu. Tukafunga kila kitu. Nikajaza tairi mpaka likawa gumu kama wanavyopenda watu wa bodaboda. Nikabonyeza.

Ssss.

Nikaachia, upepo ukakoma. Nikabonyeza, ukatoka kidogo, nikaachia, ukakoma. Nilibana tairi kwa vidole, nikabonyeza tena kidogo, nikabana. Niliendelea hivyo hata baada ya tairi kuwa sawa, nikajaza upya ili nipate kupunguza tena. Sikutaka kumtazama Afande kwa sababu macho yangu yalikuwa yamelowa, na nadhani yeye naye hakutaka kunitazama.

"Chakula kiko tayari," mkewe aliita. "Ama mtakula huo upepo?"

Haukupita muda mrefu mwenye duka akamwomba Afande arudi. Mpole alikuwa amelala mpaka mtu akaibeba mizani ya kupimia watoto ikiwa mbele yake. Na sisi, kwa kuwa sasa tulikuwa mabwana wakubwa, tukaandikisha pampu yetu kwenye maonyesho ya wabunifu katika hoteli moja mjini. Kadi ya mwaliko ilisema maonyesho hayo yanamjali kila mtu. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya juu, na lifti ilikuwa na karatasi imebandikwa mlangoni. Wahudumu wawili walinibeba kwenye ngazi kama kochi jipya, wakinionya nisigonge kuta, huku Afande akitangulia na pampu.

Majaji walikuwa watu wema. Nilijaza tairi mbele yao, nikapunguza, nikajaza. Mmoja, mwenye miwani mizuri, aliandika kidogo, kisha akauliza, "Nguvu za mguu ni kubwa kuliko za mkono. Hamkufikiria kutumia mguu?"

Nilitazama miguu yangu. Afande akaitazama. Majaji wote wakaitazama.

"Tuliiomba," nilisema, "lakini haikupenda kushiriki."

Tulipewa cheti cha kushiriki. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa programu ya simu inayokuonyesha mahali pa karibu pa kujaziwa upepo. Wahudumu wakanishusha, safari hii kinyumenyume, na Afande akatufuata na pampu hadi chini. Hapo aliniambia angekuwa na bunduki yake angepiga dari, kidogo tu.

Lakini habari zilikuwa zimetembea zenyewe. Watu wanaokaa wana njia zao za kuambiana. Jumamosi hizi kibanda changu kinajaa viti na baiskeli za mikono, na Afande, ambaye kazi yake rasmi ni kulinda dawa, amegeuza kiti chake kikatutazama sisi. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja anayeuza matunda kutoka kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Nilianza kumweleza jinsi ya kushika mpini. Hakusikiliza. Alifunga breki, akajaza tairi la nyuma, akabonyeza kitufe mara mbili tatu, akalibana tairi, akajaza la pili. Hakutuomba chochote, na katika muda wote ule hakutupa hata tabasamu la kutulainisha. Niliwahi kutabasamu tabasamu hilo kwa kila mwendesha bodaboda wa Mengo, na sikujua lilivyokuwa linanichosha mpaka nilipoona uso usio nalo.

Alipomaliza alituambia kwamba mpini uko upande mbaya, yeye anatumia mkono wa kushoto, na kwamba mtu mwenye akili angeliona hilo mapema. Kisha akaachia breki, akashuka zake kilimani na mananasi yake.

Afande alisimama akimtazama hadi alipokata kona. "Huyo," alisema, "angefika cheo cha meja."

Tunatengeneza ya mkono wa kushoto sasa. Tumeshaanza kubishana.