Wapande Bandarini: Shauri kwa Wageni Watakaovuka Harusini

Andika hivi, mjukuu wangu, usiongeze wala usipunguze. Wageni wa harusi yako wanaokwenda kisiwani, kusikofika gari, wapande mtumbwi kwenye bandari iliyofyekwa, mchana, mbele ya macho ya watu. Wasimsikilize mtu atakayewaonyesha njia ya vichakani. Mambo ya mizigo na chakula watauliza wenyewe. Hili moja nalisema mimi, kwa kuwa sisi tulipita vichakani.

Ilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa na mvuvi wa kisiwa kidogo mbele ya mlango wa mto, kusini ya Rumonge. Ziwa lilipopanda lilikifunika, usikitafute. Siku hizo malale, ugonjwa wa usingizi, ulikuwa umeshika pwani yote. Wadachi walikata miti na matete pale bandarini, wakaweka daktari na askari, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda mtumbwi kabla ya kupapaswa shingo. Aliyekutwa na tezi zilizovimba alipelekwa kambini; na kambini, kwa jinsi tulivyojua sisi, watu waliingia wakitembea, wakatoka wakibebwa.

Shangazi yetu, dada yake baba, ndiye aliyepaswa kumkabidhi dada yangu kwa mumewe. Kwetu bibi harusi haingii nyumba ya mume pasipo shangazi. Yeye humfunda, na yeye humshika mkono mlangoni. Na shangazi alikuwa ameanza kusinzia kinuni, mchi ukiwa mkononi. Kila mtu nyumbani aliliona jambo hilo, wala hakuna aliyelitaja.

Asubuhi ya safari baba alisema, "Hatupiti bandarini."

"Na mtumbwi utaota miguu utufuate?" mama akamuuliza.

"Utatungoja kwenye matete, mlangoni mwa mto."

Shangazi akacheka. "Mnanifukia kama ndizi za pombe! Haya, nifukieni, ila mjue nitaiva."

Tulipofika kwenye matete tulimkuta mpiga kasia, ami yake bwana harusi, lakini upepo ulikuwa umekwisha kuamka na mawimbi yalikuwa makubwa. Akatuambia tungoje. Tulingoja hadi jua likaanza kushuka, tumeketi katika kivuli cha vichaka vile ambavyo bandarini vilikuwa vimekatwa. Mbung'o walikuwa wengi mno. Wadachi walikuwa wakisema kwamba nzi hao ndio waletao malale. Sisi tulisema ni hila ya kutunyima kuni na kivuli.

Dada yangu alikuwa amefunikwa kaniki tangu utosini hadi miguuni. Desturi yetu ilimtaka, tangu atoke mlangoni kwa mama yake hadi akae kwenye mkeka wa mama mkwe, asiseme neno wala asiinue mkono. Maana ainuaye mkono njiani, watu husema, atauinua pia kwa mumewe. Niliwaona mbung'o watatu juu ya kifundo cha mguu wake, na mwingine begani, amezamisha mdomo kupitia nguo. Mguu ulitetemeka. Mkono haukutoka.

"Shangazi, dada anaumwa. Niwafukuze?"

"Kaa chini. Bibi harusi hana mikono leo, wala hana mdogo wake."

Watu wakacheka, nami nikakaa. Niliwaua waliotua miguuni pangu mwenyewe, huku nikimtazama.

Tulivuka. Vigelegele vilitupokea, shangazi akamshika dada mkono, akamwingiza ndani bila kujikwaa. Baba alimshukuru Mungu. Mpiga kasia akasema tumewashinda Wadachi.

Kabla mvua hazijaisha shangazi alifariki nyumbani kwake. Nilipelekwa kisiwani kumpa dada habari hiyo. Nilimkuta penye mchanga wa kuanikia visamaki vya ndagala. Alikuwa amepiga magoti, kichwa kimelala juu ya kapu la samaki, na jua likimpiga usoni. Nilimwita mara mbili.

"Mwache," mama mkwe wake akaniambia, amejaa furaha. "Tumbo la kwanza lina usingizi. Wewe utayajua lini hayo?" Akanionyesha ngozi ya kondoo aliyokuwa akiilainisha kwa mafuta, ya kumbebea mtoto mgongoni.

Nikasema, "Si mimba, mama. Shangazi alilala hivi hivi."

Akanipiga kofi. "Mtoto mchawi! Umekuja na kifo cha kwenu, sasa unakimwaga na hapa?"

Nikarudia maneno yale yale, kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa siku ile vichakani nilikuwa nimenyamaza. Shemeji yangu alikuwa akishona wavu karibu. Akauweka chini, akaja, akamtikisa mkewe, akamtazama alivyofumbua macho na kuyafumba tena. Kisha akambeba na kumlaza mtumbwini, nami nikapanda.

"Wampeleka wapi?" mama yake akapiga kelele.

"Bandarini."

Alitufuata majini hadi kiunoni, ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, akimwambia mwanawe kwamba anakwenda kumtupa mjukuu wake kwa Wadachi. Shemeji aliinama, akambandua vidole, akashika kasia.