Mtoto Aliyekataa Dawati

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa pwani, na baridi ya kijiji chetu cha Qurus ilimtesa. Sikumlaumu. Hata mimi niliyezaliwa hapa, mwaka ule nilipachoka.

Nilikuwa nimezika kichanga changu. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hutengwa: huingii kwa watu, hunywi nao kikombe kimoja, mpaka wazee waseme basi. Ukivunja mwiko, kifo unampelekea mtoto wa mwenzako. Kanisani tulikwenda, ndiyo, lakini mwiko ulibaki mwiko. Mama mkwe alivaa rozari shingoni na bado kikombe changu alikiweka kando.

Binti yangu wa darasa la tatu alikuwa akiyasikia yote hayo. Shuleni akakataa kukaa dawati moja na wenzake. Aliketi chini, pembeni, kimya. Akichapwa, kimya. Nikaitwa, nikaenda hivyo hivyo na mwili uliotoka kujifungua, kila hatua inauma.

"Karibu ndani, mama," mwalimu mkuu alisema.

"Hapa panatosha, mwalimu." Nikabaki mlangoni.

Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe kiburi cha mtoto kimetoka hapa! Nchi hii ni ya ujamaa, mama. Tunakaa pamoja. Yeye anajiona nani?"

Eti kiburi! Hasira zilinipanda, ila hata kugombana kunataka nguvu. Nikarudi nyumbani. Haukupita muda wakaniita tena. Safari hii nilimweleza, palepale mlangoni: kichanga kimekufa, tumetengwa, mtoto ana hofu. Msimchape, jamani, zungumzeni naye. Akacheka.

"Huo ni ushirikina. Asipokaa na wenzake kuanzia leo, mchukue akae nyumbani."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nyumbani angefanya nini? Angechunga mbuzi na kunyamaza mpaka asahau kusema. Mmoja nilishamzika, na huyu aliye hai sikuwa tayari kumpoteza. Nikasema, haya mwalimu, mwite.

Akaletwa, macho chini. Nikavuka kizingiti, nikakaa kitini, nikachukua kikombe cha chai cha mwalimu mwenyewe, nikanywa. Nilijua kijijini watanisema mpaka wachoke.

"Umeona?" nikamwambia binti yangu. "Nimeingia, nimekunywa. Hakuna kitu, mama. Kakae na wenzako."

Akarudi nyuma hadi ukutani. Akakitazama kikombe, akamtazama mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaisikia sauti yake.

"Mwalimu, una mtoto mdogo nyumbani?"

"Ninaye," akajibu, bado anatabasamu. "Ananyonya. Kwa nini?"

Binti yangu akapiga magoti kulekule ukutani, mikono ameificha mgongoni asije akamgusa mtu.

"Nakuomba, mwalimu, leo usirudi kwako."

Tabasamu la mwalimu likafutika. Habari ya kumrudisha mtoto nyumbani hakuitaja tena. Akainuka kitini, akakaa sakafuni na suruali yake ya kupigwa pasi, mbali na binti yangu kama mtoto mwenyewe alivyotaka, akamwuliza yule mdogo wake aliyezikwa alikuwa anaitwa nani.