Nani Atamjibu Roseline?

Watu wa mtaa wetu wa Kaloleni husema niliharibu matanga ya Phares. Wacha waseme. Mimi Kanyiva, Mama Ndindi, nilikuwepo kwa miguu yangu miwili, na nitaeleza yaliyotokea hata mkinuna.

Roseline alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, miaka kumi na saba. Alishona sare za shule kwa cherehani aliyoiweka mlangoni, na mzazi aliyejaribu kumchezea alirudi nyumbani na majibu yake. Alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa. Mumewe, Phares Omolo, karani wa Reli, alikuwa wa kanisa letu sisi, kanisa lisilotaka sanamu wala mishumaa. Jumapili walitoka pamoja hadi kwenye kona ya ukumbi wa jamii, kila mtu akashika njia yake. Ibada zikiisha, aliyetangulia alimngoja mwenzake pale pale, kisha hao, wanarudi wakitafuna njugu za mfuko mmoja. Wazee wetu walimwita Phares mara nyingi wakamwambia amgeuze mkewe. Alirudi akicheka. "Nimgeuze? Kwani ni chapati?"

Kila jioni Roseline alisali rozari, halafu akawaombea wafu wa kwao. Wakatoliki husema mtu akifa na vumbi la dhambi ndogo ndogo husafishwa kwanza toharani kabla ya kumwona Mungu, na sala za walio hai humsaidia. Sisi tulifundishwa kwamba huo ni uongo mtupu. Niliamini hivyo, na hata leo sijasema siamini. Lakini kuta za zile nyumba za kanjo, nyumba za baraza la jiji, wee! Nikisonga ugali, namsikia. Nikiogesha watoto, namsikia. Mwishowe nikazijua sala zake zote bila kupenda.

Mwaka wa themanini na tatu Phares akaugua ini. Siku za mwisho nilikuwa nikimpelekea uji, na siku moja nikamsikia akimwambia mkewe, "Rose, nikienda, kabla hawajanibeba kunizika nyumbani Siaya, niombee zile sala zenu. Mimi najijua. Si malaika." Roseline akamwapia kwamba atafanya hivyo. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Phares alipokufa, kaka yake Okoth akashika matanga yote mkononi. Okoth alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa kutembea kifua mbele kana kwamba funguo za mbinguni amezining'iniza kwenye mshipi. Wakatoliki wenzake Roseline walikuja na rozari zao, akawazuia kwenye ua. "Marehemu alikuwa wetu," akawaambia. "Hapa hamna rozari." Wakaondoka, na Roseline aliwaona kupitia dirisha.

Jumamosi saa sita mchana jeneza lilikuwa nje, juu ya mabenchi mawili. Basi la kukodi la kwenda Siaya lilikuwa barabarani, injini inanguruma. Mchungaji akamaliza. Okoth akawapungia vijana wabebe.

"Ngojeni," Roseline akasema. Akainuka kwenye mkeka. "Bado sijamwombea mume wangu."

Okoth akamsogelea. "Shemeji, maji yakimwagika hayazoleki. Aliyekufa amekufa, na hukumu yake imekwisha katwa."

"Kama imekwisha katwa, shemeji, sala yangu itakuudhi nini?"

"Ni aibu kwa kanisa."

"Phares mwenyewe aliniomba. Na kila Jumapili ninyi husema mnangoja ufufuo wa wafu. Hata sisi twasema hivyo hivyo. Basi niacheni nimngojee kwa njia yangu."

Akaweka mkono juu ya jeneza. "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Sala ile huanzwa na mmoja, na wengine humalizia. Roseline akangoja. Kina mama wa kanisa letu, waliokula kwake na kushonewa watoto wao, wakaangalia viatu vyao. Akarudia maneno yale yale.

"Hakuna wa kukujibu hapa," Okoth akasema. "Vijana, bebeni."

Hapo damu ikanichemka. Ati hakuna? Na mimi ni nini, jiwe? Nikasimama nikapaaza sauti kama ninayemwita mtoto kutoka mwisho wa mtaa: "Na mwanga wa milele umwangazie!"

Watu wote wakageuka. Mume wangu Muindi akanivuta sketi, nikaupiga mkono wake. Roseline akanitazama, machozi yakimtiririka, akasema, "Apumzike kwa amani."

"Amina!"

Tukaisema mara tatu. Mara ya tatu kina mama wawili waliitikia, na kijana mmoja wa kubeba jeneza, kwani Amina ina kanisa? Okoth alikuwa amekunja uso, lakini hakumgusa mtu. Kisha Roseline akaondoa mkono wake, akawaambia vijana, "Sasa mbebeni."

Wiki ya pili wazee wa kanisa wakaniita. Okoth alikuwa amerudi kutoka mazishini, naye ndiye aliyeuliza.

"Kanyiva, wewe unaamini Phares yuko toharani?"

"Mzee, mimi sijui Phares yuko wapi. Siku ya mwisho tutajua sote, wewe na mimi na Wakatoliki, na sidhani tutapigiwa tarumbeta mbalimbali. Lakini Roseline nilijua yuko wapi. Alikuwa amesimama mbele yenu peke yake, na mimi sauti ninayo."

"Tubu."

"Sitatubu."

Basi nikatengwa: nisiguse Meza ya Bwana, nikae benchi la nyuma na wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Miezi sita, wakasema. Nikawaambia waandike mwaka kabisa, kwa sababu jioni hiyo hiyo Roseline alikuwa anamwombea Phares tena, na nilikuwa nimekwisha mwahidi kwenda kumwitikia.