Milango Inayojua Kuhama

Saa moja asubuhi, Mama Bawaba anachomoa pini mbili, anauinua mlango wa nyumba yake kutoka kwenye fremu na kuuegemeza ukutani. Anahesabu chini kwa chini. Sekunde kumi na mbili.

"Juzi zilikuwa ishirini," anasema, akiurudisha. "Mikono inaanza kukumbuka."

Ni seremala, ana miaka arobaini na sita, na hilo jina mtaa ndio uliompa. Milango yake si kama ya wengine: pini za bawaba hazigongwi mwisho. Ukizichomoa, mlango unatoka mzima, unajitwika, unakimbia.

Nani anakimbia na mlango? Muulize aliyewahi kubomolewa. Tingatinga likipita, bati linakunjika kama karatasi na udongo wa ukutani unarudi kuwa udongo. Mlango utaokoka, ukiuwahi. Yeye amebomolewa mara tatu katika miaka kumi na moja. Nyumba nne, mlango mmoja.

Wiki hii vigingi vyekundu vya ubomoaji vimefika hadi kwenye bomba la maji. Barua ya kuhama imetoa siku saba, na leo ni ya tano. Ndiyo maana kuna foleni mbele ya karakana yake: wenye bawaba za kawaida wanataka hizi zake.

"Shoga, nianze mimi," anaomba jirani. "Mume wangu mgongo mbovu, ataung'oa mpaka lini?"

"Mgongo wake mbovu tangu harusi. Panga foleni."

Wanacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Macho yamesharudi barabarani.

Ng'ambo ya ukuta unaopakana na mtaa yanapanda maghorofa mapya. Mwezi uliopita Mama Bawaba alipata kazi huko: milango arobaini ya mbao ngumu. Malipo yake yangetosha kuanzia kiwanja kidogo chenye hati, mahali ambapo hakuna wa kumtoa. Alikuwa amefunga milango sita nyapara alipokuja kuujaribu mmoja, ukabaki mikononi mwake.

"Mama, hiki nini?"

"Mlango, mwanangu."

"Mbona unatoka?"

"Si ili siku ya kuhama wasipate tabu?"

"Ahame nani? Hawa wamenunua."

Akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

"Sikukusudia," anasema, akipuliza unga wa mbao mezani. "Mkono ulifanya ulichozoea. Maisha yangu yote sijawahi kutengeneza mlango wa mtu anayebaki."

Kesho hakimu atasikiliza ombi la kaya mia mbili za mtaa huu, zinazotaka ubomoaji usimamishwe. Mama Bawaba ni mmoja wa watatu watakaozungumza. Ameandaa maneno, ameyafuta, ameyaandaa tena.

Ghafla injini inanguruma konani. Foleni inatawanyika, kila mtu kwake. Yeye ameshafika mlangoni, vidole kwenye pini ya juu.

Ni lori la maji.

Hacheki. Anaondoa vidole polepole, kana kwamba amevifumania. Kisha anaingia ndani na kutoka na kifurushi cha gazeti lililogeuka manjano. Ndani mna skrubu nane ndefu, hazijawahi kutumika.

"Nilizinunua baada ya bomoabomoa ya kwanza. Tukishinda, nakuja hapa, natupa hizi pini, nakaza skrubu zote nane mpaka bisibisi ilie. Atakayetaka kuung'oa mlango huu, aung'oe pamoja na ukuta wake."